Nyumba na Safari: Kuusoma Mchezo wa Bao katika Zama za Michezo ya Kompyuta

Katika kikao kimoja cha idara, mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti. Alitaka kuchunguza jinsi kisa kinavyosimuliwa katika michezo ya kompyuta inayochanganya mchezo wa ubaoni na safari ya shujaa, na alitaka kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili. Mmoja wa wajumbe alimwuliza swali moja tu: fasihi iko wapi hapa? Mwanafunzi alijaribu kueleza, akababaika, na pendekezo likarudishwa. Mwandishi wa makala haya alikuwamo katika kikao hicho, na hana budi kukiri kwamba hakusema neno. Yanayofuata ni jibu ambalo lilipaswa kutolewa siku ile.

Swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. Wataalamu wa ng'ambo wamelibishania kwa miaka mingi na hawajapatana. Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alidai kwamba utamaduni wenyewe huzaliwa ndani ya mchezo, na kwamba ushairi ulianza kama mchezo wa maneno. Mwaka 1997 vilitoka vitabu viwili vilivyogawa wahakiki makundi mawili. Janet Murray aliona kwamba kompyuta ni jukwaa jipya la usimulizi. Alithubutu hata kuusoma mchezo wa Tetris, ambao hauna mhusika wala tukio, kama picha ya maisha ya Mmarekani aliyelemewa na kazi zisizokwisha. Espen Aarseth naye alieleza kwamba matini ya namna hii humtaka msomaji afanye kazi ili njia ipatikane, na kwamba tukiipima kwa vipimo vya riwaya tutaipotosha. Baadhi ya wafuasi wa msimamo huu walikwenda mbali zaidi, wakasema kwamba kanuni za mchezo hazisimulii chochote, kama vile mpira anaorushiwa mtu hausimulii chochote.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo mabishano haya yalinivutia, lakini pia yalinichosha, kwa sababu mifano yote ilitoka kwao. Sataranji ilitajwa kila mara, bao halikutajwa hata mara moja. Na hoja ninayotaka kuitoa hapa ni kwamba bao linaamua kesi hii kwa namna ambayo sataranji haiwezi, kwa kuwa kanuni za bao zimekwisha kusimuliwa na lugha yenyewe. Mchezaji wa bao hawezi kueleza anachokifanya bila ya kutamba hadithi.

Uhakiki wetu, tangu miaka ya sabini ya karne iliyopita, umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Mgawanyo huu umelaumiwa mara nyingi, na kwa haki, kwani wanafunzi wetu huutumia kama mizani ya sokoni: dhamira upande huu, tamathali upande ule. Hata hivyo katika suala lililo mbele yetu mgawanyo huo unafaa sana. Mchezo wa kompyuta una kanuni, nazo ndizo fani yake, na una kisa. Swali la mhakiki ni kama kanuni na kisa vinajuana au vinapanda gari moja bila ya kusalimiana.

Chukua kwanza mfano wa vitu viwili visivyojuana. Assassin's Creed III, mchezo mkubwa uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2012, unasimulia habari za vita vya uhuru wa Marekani. Ndani yake shujaa anaweza kuketi mezani akacheza fanorona, mchezo wa ubaoni wa watu wa Madagaska. Jirani yetu wa Bahari ya Hindi ameingia katika mchezo uliouzwa ulimwenguni kote, na mtu wa pwani ya Afrika angetamani kufurahi. Furaha hiyo haidumu. Shujaa akishinda au akishindwa, mkondo wa kisa haubadiliki. Fanorona imewekwa pale kama pambo la sebuleni, na mchezaji asiyeigusa hapotezi chochote cha hadithi. 

Mfano wa pili ni wa kinyume. Mwaka 2022 kikundi kidogo cha wabunifu wa Kifaransa wanaojitegemea, kijiitacho PUNKCAKE Délicieux, kilitoa mchezo wenye jina Shotgun King: The Final Checkmate. Ubao ni ule ule wa sataranji wenye vyumba 64. Mfalme mweusi alikuwa dhalimu. Jeshi lake, wakuu wa dini na hata mkewe wamemkimbia wakahamia kwa mfalme mweupe. Amebaki peke yake na bunduki ya marisau. Kila zamu hana budi kuchagua ama kusogea chumba kimoja ama kufyatua risasi, na askari weupe wanamjia kwa miendo yao ya kawaida ya sataranji. Akimwua mfalme mweupe hupanda ngazi nyingine, na hapo huchagua kati ya jozi za kadi, ambazo kila jozi humnufaisha yeye na wakati huo huo humwongezea nguvu adui.

Sina budi kukubali kwamba huu ni uandishi hodari. Hakuna mahali ambapo mchezo unasimama ili kisa kisemwe. Upweke wa mtawala aliyewachosha watu wake haukuelezwa kwa maneno mengi. Unaonekana katika idadi ya vipande, kimoja dhidi ya vingi. Kadi zile zenye manufaa na hasara ndani yake zinasema juu ya madaraka jambo ambalo tamthilia zetu nyingi hulisema kwa hotuba ndefu. Fani imekuwa maudhui. Ila tuangalie pia sataranji imelazimisha kisa cha namna gani. Katika sataranji kipande kilicholiwa hutoka ubaoni, na hakirudi ila kwa sharti la pekee. Kanuni hiyo ni ya mauaji, na mchezo uliojengwa juu yake ukawa wa mauaji. Wafaransa hao hawakukosea. Waliusikiliza ubao wao ukawaambia hadithi iliyomo.

Ubao wetu je, ukisikilizwa unasema nini? Kabla ya kujibu, yafaa tutazame mchezo mmoja unaotuhusu kwa karibu, maana ndani yake nafasi ya bao imeachwa wazi kabisa.

Tales of Kenzera: Zau ulitoka mwezi wa Aprili 2024. Uliandaliwa na Surgent Studios ya Uingereza, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ukatolewa chini ya mpango wa kampuni ya Electronic Arts wa kuwasaidia wabunifu wadogo. Salim ameeleza hadharani kwamba kazi hii ilitokana na kifo cha baba yake. Kijana Zuberi, aliyefiwa, anasoma hadithi aliyoachiwa na babake. Na katika hadithi hiyo mganga kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: Zau atamletea roho tatu kubwa zilizokataa kwenda kuzimu, na Kalunga atamrudishia baba. Njiani Zau anavaa vinyago viwili alivyorithi, cha jua na cha mwezi, na kila kimoja kina namna yake ya kupigana.

Mchezo huu uliweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Jambo hili halikupewa uzito unaostahili katika kurasa kama hizi. Kwa muda mrefu tumelalamika kwamba lugha yetu haimo katika vyombo vipya. Ilipoingia, tena katika kazi yenye huzuni ya kweli na si katika tangazo la biashara, hatukuandika hata aya moja. Nasema hivyo nikijijumuisha.

Lakini sifa isituzuie kuhakiki. Mwendo wa Zau, yaani kuruka, kupanda, kupiga, kupata uwezo mpya unaofungua njia iliyokuwa imefungwa, ni mwendo uliorithiwa kutoka michezo ya Kijapani ya miaka ya themanini. Kalunga, ambaye jina lake linajulikana katika lugha kadhaa za Kibantu za Kongo, Angola na Namibia, amemiminwa katika chungu cha kigeni. Najua jibu litakalotolewa: riwaya nayo ilikuwa chungu cha kigeni, na leo hakuna anayemwambia Kezilahabi au Said Ahmed Mohamed kwamba hawakuandika Kiswahili. Jibu hilo ni sahihi, nami silaumu uazimaji. Ninachouliza ni kama chombo kilichoazimwa kilitosha kubeba msiba, na kwa sehemu kubwa naona kilitosha. Vinyago vilivyorithiwa kwa baba ndivyo vinavyompa kijana nguvu, hivi kwamba kila pigo ni kumbukumbu ya marehemu. Hapo fani na maudhui vimesalimiana.

Pana sehemu moja, hata hivyo, ambapo nilipocheza nilisimama nikaweka kidhibiti chini. Kila baada ya mwendo mrefu Zau hukuta mbuyu, akaketi chini yake kutafakari, na Kalunga akaja wakazungumza. Uhai wa kijana huongezeka kwa mazungumzo hayo. Wawili, mmoja kijana na mwingine Mauti mwenyewe katika umbo la mzee, wameketi chini ya mbuyu katika nchi ya Kibantu na mikono yao mitupu! Mswidi Ingmar Bergman, katika filamu yake ya mwaka 1957 iitwayo The Seventh Seal, alipotaka kumkutanisha mwanadamu na Mauti aliwawekea sataranji katikati, kwa sababu huo ndio mchezo ambao watu wa Ulaya wangeutazamia hapo. Chini ya mbuyu wetu mtu angetazamia nini kama si bao?

Sisemi hivi ili kupunguza thamani ya kazi ya Salim. Nasema kwa kuwa pale, kwa maoni yangu, ndipo mchanganyiko wa ubao na safari ungekuwa wa kweli, na sababu zinapatikana katika kanuni za bao lenyewe.

Wasomaji wengi wa jarida hili wanalijua bao la Kiswahili, lakini wengi wetu tunalijua kwa kutazama, kwa hivyo nieleze kwa ufupi. Ubao una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji ana safu mbili. Kete ni 64, na aghalabu ni komwe. Kila mmoja huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo la mraba liitwalo nyumba na nne katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 hubaki akiba. Hatua ya kwanza ni kunamua: kila zamu mchezaji huingiza kete moja kutoka katika akiba yake. Akiweza kula lazima ale, na kete alizokula huzimwaga upande wake kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete mwendo huendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala. Asiyeweza kula hutakata. Akiba ya wote ikiisha, huingia hatua ya mtaji, na mchezo huendelea mpaka safu ya mbele ya mmoja ibaki tupu au asiwe na la kucheza.

Sasa tuyaangalie maneno haya kwa jicho la mwanaisimu. Nyumba, kula, kulala, mtaji, kichwa. Hakuna hata moja lililobuniwa kwa ajili ya ubao. Yote yametoka katika maisha ya mtu anayejenga makao, anayetafuta riziki na kuchoka. Neno mtaji lina uzito wa pekee, kwani ndilo neno la biashara. Mchezaji aliyemaliza kunamua amekwisha kutumia alichopewa, na tangu hapo anaishi kwa kuzungusha mali iliyomo ubaoni. Anayedai kwamba kanuni hazisimulii chochote na ajaribu kumfundisha mtoto bao kwa Kiswahili bila ya kutumia maneno hayo. Maneno ya sataranji pia yana hadithi, ya mfalme na majeshi yake, lakini hiyo ni hadithi ya vipande. Ya bao ni hadithi ya matendo, ya vitenzi. Na kisa, kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu, ni matendo.

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote kwa hoja yangu inahusu nyumba. Wakati wa kunamua, kete ya mwisho ya mwendo wa kula ikianguka katika nyumba ya mchezaji ambayo bado haijavunjwa, ana hiari. Anaweza kusimama pale, nyumba yake ikaongezeka. Au anaweza kuichota yote na kuendelea kumwaga. Wachezaji huiita hiari hii ya pili safari. Na aliyekwisha kusafiri hana nyumba tena. Hata lile shimo la mraba likija kujaa kete baadaye, haki zake za nyumba zimekwisha. Ni shimo kama mengine.

Sidhani kwamba naipamba kanuni hii nikisema kwamba ndani yake mna riwaya. Kijana anayekaa nyumbani analinda mali, lakini kila zamu inayopita mali hiyo inamvutia adui, ambaye akiila amepata yote kwa mkupuo mmoja. Kijana anayesafiri anawalisha ndugu wa safu nzima kwa alichokivunja, naye hana pa kurudi. Hakuna jibu moja lililo sahihi. Mafundi hungoja, na hungoja sana, wakihesabu mizunguko kichwani. Mdachi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar katika tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden, alionyesha ni kwa umbali gani kumbukumbu yao inaweza kusukumwa, hata kucheza bila ya kuutazama ubao. Lakini swali la kusafiri au kubaki halikomei katika hesabu. Ni swali ambalo kila msomaji wa fasihi ya Kiswahili amekutana nalo kwa vijana wa hadithini wanaoacha kijiji.

Jambo la pili ni kwamba katika bao hakuna kete inayokufa. Zote 64 zinabaki ubaoni tangu akiba iishe hadi mwisho. Kilicholiwa hakiondolewi, bali hupandwa upande wa aliyekula, na kesho huenda kikarudi. Ukilinganisha na Shotgun King, ambamo ubao humwagwa damu mpaka ubaki mtupu, utaona kwamba tuna mikononi mwetu fani ya namna nyingine kabisa: kupoteza si kutoweka, ni kuhamia ng'ambo ya pili ya ubao, ambako mtu anakiona kilichokuwa chake na hawezi kukigusa mpaka zamu yake ifike.

Tumrudie Zau chini ya mbuyu. Anachotaka ni kurudishiwa baba. Anachopaswa kujifunza, na mchezo unamfunza kwa mapigano mengi na maneno mazuri, ni kuachilia. Tuseme kwamba kila walipoketi Kalunga alikuwa akifungua ubao. Kijana angekaza nyumba yake, kwa sababu nyumba ni baba. Mauti angeizunguka kwa subira. Na siku moja kete ya mwisho ingeanguka katika shimo la mraba na kijana akatakiwa kuamua mwenyewe, kwa kidole chake, bila ya kuhubiriwa na yeyote. Kete za baba zingesambaa katika mashimo yote yaliyokuwa na njaa. Nyumba isingerudi. Mchezo ungeendelea. Hicho ndicho ninachokiita mchanganyiko wa ubao na safari. Hatukuhitaji kuongeza hata kanuni moja. Hata neno safari limo tayari.

Wala si wazo geni kwa washairi wetu kwamba bao linaweza kubeba jambo zito. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikwisha kulitumia kuwa sitiari ya mivutano ya siasa na vita vya zama zake. Alitegemea hadhira iliyojua nyumba ni nini na kuvunja nyumba ni nini. Hadhira hiyo ndiyo tunayoipoteza.

Nitoe ushuhuda mdogo kutoka Ainabkoi, ninakoishi. Huku nyanda za juu za Uasin Gishu, si mbali na Timboroa, bao la Kiswahili si mchezo wa wenyeji. Vijana wa kituo cha matatu hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Jina la mahali lenyewe, kwa Kikalenjin, ni mto wa mawe, lakini mawe hayo hayatumiki kucheza bao. Ubao wangu niliununua pwani. Siku moja mpwa wangu wa miaka kumi na miwili aliutazama ukutani akasema, "Mjomba, mchezo huu ninao kwenye simu." Nilifurahi, nikamwomba anionyeshe. Ulikuwa na safu mbili za mashimo sita na ghala mbili pembeni, maelezo yote kwa Kiingereza. Nilimwuliza nyumba iko wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mji asiowahi kufika.

Mchezo alionao mtoto huyo, ambao simu nyingi huuita mankala na kuutangaza kuwa ni mchezo wa kale wa Afrika, kwa kawaida ni ule uitwao Kalah, ambao Mmarekani William Julius Champion aliutoa yapata mwaka 1940. Mankala ndiyo iliyotangulia orodha ya michezo 51 ya dunia iliyotolewa na Nintendo mwaka 2020. Safu nne za Waswahili, omweso wa Waganda, ajua ya Wajaluo, giuthi ya Wakikuyu, enkeshui ya Wamasai, hawalis ya Waomani, yote yamefunikwa na toleo moja lililorahisishwa. Wanaisimu watapendezwa kujua kwamba neno lenyewe mankala linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha, mzizi ule ule uliotupa nakili na nakala. Katika simu ya mpwa wangu maana ya pili imeishinda ya kwanza.

Wataalamu wa kompyuta walituwahi. Mwaka 2002 Romein na Bal wa Amsterdam waliimaliza kabisa awari, ndugu wa bao mwenye safu mbili, kwa kuhesabu hali zake zote, wakathibitisha kwamba wachezaji wakamilifu wakikutana hutoka sare. Mwaka huo huo Donkers na Uiterwijk wa Maastricht walieleza namna ya kuandika programu ya kucheza bao. Kazi zao ni za heshima. Ila kwa programu hizo nyumba ni shimo lenye masharti ya ziada tu, na hivyo ndivyo ipasavyo kuwa kwao. Kuuliza kwa nini shimo hilo liliitwa nyumba ni kazi yetu, na hatujaifanya.

Upo ubishi ambao siwezi kuukwepa. Mtu ataniambia kwamba mzee anayecheza barazani hafikirii riwaya wala msiba. Anafikiria kumla mwenzake, na maneno nyumba na safari yamekwisha kufa usitiari wake kama vile hakuna anayeona mguu katika "mguu wa meza". Ubishi huu una nguvu. Nilipoutafakari niliona kwamba unaeleza hali ya mchezaji mzoefu, ilhali sitiari iliyolala huamka pindi inapowekwa katika muktadha mpya. Ndiyo kazi ya mshairi kuiamsha, na Muyaka aliiamsha. Mbunifu wa mchezo wa kompyuta angekuwa na nafasi hiyo hiyo. Ambacho hatakuwa nacho, kama hali ni hii, ni mahali pa kuyasoma maneno. Tofauti za istilahi kati ya Unguja, Mombasa, Lamu na Kongo ya mashariki ziko vinywani mwa wachezaji zaidi kuliko katika vitabu vyetu.

Natambua pia kwamba wabunifu wa kwetu wapo na hawatusubiri. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati wengi wetu tulikuwa bado hatujamiliki kompyuta. Shujaa wake ni msichana anayesaka vitu vya kale vya Afrika. Ni mchezo wa mwanzo wenye udhaifu wa kazi za mwanzo, nami sitauchambua hapa. Nautaja kwa sababu ulikuwa na safari pasipo ubao, kama vile barazani tuna ubao pasipo safari ya kompyuta. Pande hizo mbili hazijakutana katika kazi yoyote niliyoiona.

Mwanafunzi yule amelirekebisha pendekezo lake. Ameondoa sura ya nadharia, ambayo kwa kweli ilikuwa imejaa majina ya Wazungu asiowasoma vizuri, na badala yake ameweka sura ya istilahi, atakayoikusanya kwa kuketi na wachezaji kwa miezi mitatu, kuanzia Mombasa. Pendekezo litarudi mbele ya kikao kile kile. Nimemwazima ubao wangu, na mpwa wangu ameachiwa mashimo 32 niliyomchimbia nyuma ya jikoni. Mawe ya kete aliyaokota mwenyewe.